Mashine Inayosikilizwa

Baba Mapacha,

Wali umo kwenye sufuria, mchuzi upashe moto. Gesi inakaribia kuisha, usichemshe chai kila saa.

Nimeondoka bila kukuaga kwa sababu ulikuwa stoo na mashine yako. Sina ugomvi nayo. Ilipokuwa inachimba hizo sarafu za mtandaoni ilikula umeme bure. Sasa umeipachikia kikompyuta kidogo kama kiberiti, feni zake zinakausha nguo. Kipimo chake pale kwenye kamba ya nguo kikigusa unyevu, feni zinawaka zenyewe na wewe unapata ujumbe kwenye simu. Hapo nakupa tano.

Lakini leo asubuhi nilikuambia, tena nikarudia, kwamba sikupata usingizi. Ukaitikia "mm", macho kwenye simu. Mara simu ikalia: mashine inasema shuka bado mbichi. Ukatoka mbio kama umeitwa na bosi, chai ukaiacha inapoa mbele yangu. Tangu mapacha waende bweni, humu ndani naongea na sufuria. Afadhali yenyewe hutoa mvuke.

~~Leo nalala kwa dada.~~ Nitarudi jioni. Mkate nitakuja nao.

Ule waya mrefu nilioutandaza kutoka stoo hadi chumbani usiuguse. Kipimo nimekitoa kwenye kamba ya nguo, nimekitia ndani ya foronya yangu, nayo hulowa usiku. Feni zikianza kuvuma usiku, usikimbilie stoo kutafuta hitilafu. Geukia upande wangu.

Mama Mapacha