Insha Niliyomwandikia Hadley

Mtaa wa Cherry 41, Ghorofa ya Tatu,
Waterbury, Connecticut.
11 Januari 2026

Mpendwa Shangazi Migdalia,

Kabla sijakusalimia, acha niseme jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, maana nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, unanijua. Mwezi wa kumi nilichukua maisha yako nikampa msichana mmoja anayeitwa Hadley. Nilimwandikia kwa mkono wangu, yeye akayatuma chuo kikuu kama yake, na chuo kimempokea.

Sasa shikamoo, Shangazi. Goti linakusumbua bado? Umeme huko mlimani siku hizi unakaa, au bado unakuja kusalimia na kuondoka? Sisi ni wazima. Baba anakohoa kwa kukaa juu ya mapaa ya watu kwenye baridi, lakini ukimwambia avae skafu anasema yeye si bibi harusi.

Naandika kwenye meza ya jikoni. Kila ngazi zinapolia naifunika karatasi hii kwa kitabu cha hesabu. Nakuandikia kwa lugha niliyojifunzia kusoma. Ile nyingine ndiyo niliyojifunzia kunyamaza.

Ulijua kwamba nasoma Ashmere, mji wa wenye nazo. Hukujua nilifikaje. Huku shule inafuata nyumba: ukikaa kwao unapata maabara, ukikaa kwetu unapata ndoo ya kukinga maji ya paa. Baba alikuwa anamkatia majani Bi. Lindquist wa huko Ashmere, mwanamke wa miaka themanini na moja. Siku moja yule mama akamwambia, "Andika anwani yangu. Nina vyumba vitano, nalala kimoja." Ndivyo nilivyoingia shule yao, kwa anwani yake.

Kwa hiyo kila alasiri basi la shule lilinishusha mlangoni kwa Bi. Lindquist. Alishaniambia niwe naingia ninywe maziwa, nimsubiri baba mle ndani. Niliona haya, Shangazi. Nilikuwa napanda njia yake kama mtu aliyefika kwao, halafu nachuchumaa nyuma ya mapipa ya taka mpaka basi likate kona, ndipo natembea dakika arobaini hadi kituo cha basi la mjini. Miaka mitatu. Ningekunywa yale maziwa, leo nisingekuwa naandika barua hii.

Hadley anakaa nyumba ya tatu kutoka pale. Mwezi wa tisa alipita na mbwa wake akanikuta.

"We Noemí, umepoteza paka?"

Sikuwa na uongo wa karibu. Nikamwambia ukweli wote, hata ambao hakuuliza.

"Tulia shosti, mimi simwambii mtu," akasema.

Wiki iliyofuata alinifuata maktaba na karatasi tupu. Ile insha ya chuo, ambayo unatakiwa ueleze maisha yamekupiga wapi na ukasimamaje.

"Mimi naandika nini sasa? Baba daktari wa meno, mama ana farasi wake, bibi zangu wote wazima! Wewe una bahati, bwana. Una shida kibao."

"Basi chukua moja," nikamwambia.

Ule ulikuwa mzaha. Mzaha wangu wa kwanza katika lugha yao kwa miaka mitatu, na hakuupokea kama mzaha. Alivuta kiti akakaa. Nami nilikuwa nayaona yale mapipa machoni mwake, basi nikaandika.

Nilimpa mwaka wa kimbunga, nilipokuwa na miaka tisa, shule yetu ilipofungwa na wewe mpishi wake ukaambiwa urudi nyumbani. Nilimpa zile sufuria ulizozibeba kichwani, na banda lako la gari, na watoto ishirini na sita waliokula wali na maharage pale kila siku huku mwalimu akifundisha kwenye ubao uliotokana na mlango. Nilimpa hata ndizi. Ni mimi niliyekuwa namenya ndizi mbichi mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, unakumbuka? Kwenye insha anamenya Hadley. Eti amekuja na watu wa kanisa lake kusaidia. Ukweli ni kwamba kisiwa chetu anakijua kutoka kwenye kiti cha ufukweni hotelini.

Na wewe nilikufanya mama fulani asiye na jina. Hadley akasoma akaandika pembeni kwa kalamu yake ya zambarau: "Huyu mama acheke zaidi." Nikakufanya ucheke zaidi. Wewe, ambaye mwaka ule sikukuona ukicheka hata mara moja.

Nisamehe kwa hilo kuliko mengine yote.

Insha ilipokwisha kutumwa, mshauri wa masomo akatuambia kwamba chuo kile huwa kinachukua mmoja tu kutoka shule yetu. Mimi pia nilikuwa nakitaka chuo hicho, na nilikuwa mbele ya Hadley kwa alama. Baada ya siku nane nikaona gari la kijivu limeegeshwa ng'ambo ya mapipa. Wiki moja kabla ya Siku ya Shukrani, sikukuu yao ya mwezi wa kumi na moja, baba akaitwa ofisini shuleni, akawekewa picha mezani: mimi nimechuchumaa, mimi nachungulia, mimi natembea na mkoba. Kuna namba ya simu pale ya kuwaripoti watu kama sisi, wa anwani za kuazima. Jioni Hadley akaniandikia: "Mama ndiye aliyepiga, shosti, mimi nilimwambia tu kwa bahati mbaya. Usinichukie. Wewe una akili, utafaulu popote."

Popote ndipo nilipo sasa, shule ya mtaani kwetu, tangu Ashmere waniondoe. Mshauri mmoja, wanafunzi mia sita. Fomu zangu zilikaa kwenye rundo lake mpaka tarehe ya chuo kile ikapita. Hadley alipokea jibu mwezi wa kumi na mbili, akapiga picha na keki.

Sasa sikia. Rasimu ya kwanza niliiandika kwa lugha yetu, kwa sababu hadithi yako inakaa humo, na chini yake nikaigeuza kwa lugha yao. Daftari lote ninalo, na wino wa zambarau uko kila ukurasa. Nimelitolea nakala, pamoja na ule ujumbe wake. Bahasha ya chuo imeshafungwa na stempu iko juu. Najua kwamba jina langu nalo limo humo, na chuo kinachomfukuza aliyeandikiwa hakitamkumbatia aliyeandika. Nimelifikiria sana. Huwa nalala nikimwona mama yake akiisoma ile barua zizini, farasi wanamwangalia. Nataka aisome mara mbili. Nataka Hadley atafute mapipa ya kujifichia akose.

Kilichonizuia kuituma ni baba. Yeye anaamini aliyetusema ni Bi. Lindquist, na nikiituma atajua siri niliitoa mimi. "Kile kikongwe kimetuuza," anasema. Haendi tena kumwondolea theluji. Juzi alirudi akicheka kwamba amemwona anafagia njia yake kwa ufagio wa jikoni. Nami nikacheka naye, Shangazi. Nilicheka ili asiniulize kitu.

Nisalimie Mjomba Eladio, na binamu Yarelis na kitoto chake ambacho bado sijakibeba. Msalimie na mwalimu wa ubao wa mlango, kama yupo. Mungu akulinde na goti hilo, na akupe umeme wiki nzima bila kukatika.

Ngazi zinalia. Ni viatu vya baba, navijua, cha kushoto kinaburuta. Kitabu cha hesabu kiko hapa mkononi, nimekiweka sakafuni. Karatasi iko wazi, bahasha iko pembeni yake, jina la chuo limetazama juu.

Amefika mlangoni, anakung'uta theluji. Atauliza, "Mama, unaandika nini?" Nitampa asome yote, hata pale nilipocheka. Halafu nitamwomba makoleo mawili ya theluji. Kesho tunapita posta kwanza, kisha kwa Bi. Lindquist.

Mimi wako nikupendaye, niliyemenya zile ndizi,

Noemí