Fomu Niliyokujazia

Hodan binti yangu,

Mungu akunurishie kaburi. Ni mimi, mzee uliyemwita adeer, yaani ami, katika ofisi ya msaada wa sheria pale Garissa. Daktari amenieleza hali ya moyo wangu bila kuzunguka, nami naandika leo kwa kuwa mkono bado unashika kalamu.

Ulipokuja kwetu kwa mafunzo ya kazini, ukisomea siasa na haki chuo kikuu, nilikupa makabati ya faili uyapange. Nilitaka tu usiwe njiani. Sikujua ungezisoma zote.

Kisha wazee wakaleta makubaliano ya maslaha, usuluhishi wao wa nje ya mahakama: mama mmoja wa Hulugho aliyevunjwa mkono na shemeji yake amesamehe, kesi iondolewe. Chini palikuwa na alama ya kidole. Mmoja wa wazee wale ni wa ukoo wangu. Nikachukua muhuri. Ukasema polepole, "Adeer, huyu mama anajua kuandika. Taarifa yake aliiandika na kuisaini mwenyewe. Hiki kidole ni cha nani?"

Mzee akaniuliza, "Huyu msichana ameletwa kupanga karatasi ama kutuhukumu?" Wenzake wakacheka. Nami nilicheka, Hodan. Nikagonga muhuri, na mama yule akarudi kuishi boma moja na aliyempiga.

Siku hiyo hiyo nilijaza fomu yako ya chuo: hana heshima kwa wakubwa, hafai. Wakakutaka urudie mafunzo. Ukaenda Kotile kungoja muhula, malaria ikakukuta huko. Shahada hukuipata. Nilikuja maziko, nikasimama safu ya nyuma, nikampa mama yako pole. Zaidi ya hapo sikusema kitu.

Siku hizi wanafunzi wanaokuja pale ofisini huketi na mlalamikaji peke yake kabla makubaliano yoyote hayajapokelewa. Wanadhani ni utaratibu wa tangu zamani. Niliuanzisha mimi baada ya kifo chako, na sikumwambia mtu utaratibu huo umetoka wapi.

Tangu madrasa tulifundishwa kwamba dhuluma ya mja, Mungu humwachia mja mwenyewe aisamehe. Wewe huwezi tena kunijibu. Chuo nimekiandikia kwamba fomu ile ilikuwa ya uongo. Mama wa Hulugho amepata ujumbe wangu: yuko wakili atakayeifufua kesi yake, akitaka, na mimi nitatoa ushahidi juu ya muhuri wangu.

Kwa mama yako bado sijaenda kukiri. Yeye ndiye ninayemwogopa.

Ijumaa mwanangu atanipeleka Kotile. Nitamsomea mama yako barua hii yote, kisha nitangoja neno lake. Akinifukuza, nitaondoka bila kujitetea.

Pumzika, binti yangu. Hilo la Ijumaa nakuahidi. Nikichukuliwa kabla yake, mwanangu ameagizwa aende aisome mbele ya watu wako, asiruke hata mstari mmoja.

Adeer wako.