Rajabu wa Pili Kwenye Kompyuta ya Chumba Baridi

Mpendwa mshauri, kama u mkubwa wangu shikamoo, kama u mdogo pokea marahaba, naomba msaada kwa ujumbe huu wa sauti lakini usinifokee, mimi si wa kufokewa, toka Mtawanya hadi Mikindani hakuna asiyenijua, kompyuta ya chumba baridi cha ushirika wetu wa wavuvi naiendesha mimi na darasa la pili sikumaliza, amri zake nilizikariri kama Alhamdu, nakaa barazani na kahawa yangu, nabonyeza simu, kule Mikindani mashine inazimika, inawaka, wenzangu wanasema, "Mzee Rajabu, wewe jini!" nami nacheka.

Sasa sicheki. Kompyuta ile inatumia mfumo wa bure, unaotengenezwa na watu wa kujitolea huko duniani, nao wametangaza toleo jipya linaondoa zana zilizopitwa na wakati, na zana yangu ya kuingilia kutoka mbali imo miongoni mwake. Akaja Jesca, fundi wa ushirika, "Babu, zana hii inapeleka neno la siri wazi njia nzima, aliye njiani analisoma." Nikamwambia zana hii ina umri mkubwa kuliko mama yako, nikamfukuza, kwa kuwa hiyo mpya anayotaka kuiweka inauliza maswali kwenye kioo, nami nisome herufi moja moja mbele za watu kama mtoto?

Ndipo mashine ikaanza kuzimika yenyewe. Mara ya kwanza nikasema umeme. Mara ya pili nikaingia kutazama nani yumo, na jina langu walau naweza kulisoma, nikaona Rajabu, na chini yake Rajabu, wallahi nikahesabu tena kwa kidole, maana mimi ni mmoja. Samaki wakaoza, lawama akabebeshwa Nuhu mlinzi, kijana wa Kilambo, eti yeye ndiye anayezima, Ijumaa wanamfukuza. Nikisema, zana wataing'oa nami niondoke nayo. Nikinyamaza, simu ikilia tu nashtuka. Nifanyeje?

Mzee Rajabu, Mtawanya. Jina liandikeni lote, simwogopi mtu.

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Nitakufokea kidogo, kwa heshima.

Unaogopa, na kweli lipo la kuogopwa. Rajabu wa pili si jini, ni mtu, na neno la siri huenda kaliokota njiani, kama binti alivyokuonya. Kutumia zana ile leo ni kulitangaza neno hilo kwa kipaza sauti toka Mtawanya mpaka Mikindani. Walioiondoa hawakukuchukia wewe, wameziba mlango usio na komeo. Wako bado u wazi, na anaweza kuingia tena hata sasa unaponisikiliza.

Mpigie Jesca. Aitoe kompyuta kwenye mtandao, abadili neno la siri, aweke zana mpya. Usifute kitu: jina lako mara mbili ndilo shahidi wa Nuhu. Maswali ya kwenye kioo akusomee nyumbani kwako, ukariri. Aliyeweza ya kwanza hashindwi na ya pili. Na mchezo wa barazani uishe, mzee. Wale ni samaki wa watu.

Jibu hili nimekutumia kwa sauti kwenye simu leo Jumanne. Gazeti letu hufika Mikindani Alhamisi, na jina lako limo, lote, kama ulivyotaka. Una kesho nzima ya kumfikia mwenyekiti wa ushirika, asikie kwa kinywa chako kabla hajasoma: si Nuhu, ni mlango wangu.