Dada, Ukurasa Wangu Siufuti

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Nimeanza hivyo kwa sababu mama alitulea hivyo, usidhani moyo umetulia. Leo asubuhi kanisani nimefika pale pa "kama tunavyowasamehe waliotukosea" nikanyamaza, wenzangu wakaendelea. Mungu anaona ndani, siwezi kumdanganya mbele ya altare yake.

Mjomba amenipa mpaka Jumapili hii nitoe jibu. Nakuandikia hapahapa, kwenye ukurasa wenyewe wa mtandaoni unaotaka niufute, kila mtu asome. Wanaotusoma hawajui yote, kwa hiyo nivumilie nirudie unayoyajua.

Unajua ninavyoishi. Tangu Baba Neema afariki na Neema aolewe Kilosa, kwenye nyumba hii ya huku juu Mgeta nimebaki na kuku. Nalima njegere na karoti, nashusha tenga mpaka kwenye lori, narudi, naongea na sufuria. Shule yangu ni ya darasa la saba, lakini napenda kuandika, basi. Mchana jua likiwa kali nakwenda kukaa kwenye ngazi za kigango, kanisa letu dogo, ndipo mtandao unaposhika, naandika kwa kidole kimoja. Habari za mvua, za jirani aliyegombana na mbuzi wake, za sala zinazochelewa kujibiwa. Wanawake wa jumuiya wananicheka, "Mama Neema huyoo, anakwenda kuungama kwa simu!" Nami nawajibu, "Leo napeleka dhambi zenu, zangu zimeisha." Tunacheka.

Watu wakaanza kusoma. Kuna mama mmoja wa Tanga, Mwislamu, mjane kama mimi. Nikikaa kidogo tu bila kuandika ananiuliza, "Dada wa milimani, u mzima? Mbona kimya?" Kuna mlinzi wa ghala kule Mwanza anasema habari zangu ndizo zinazomzuia kusinzia kazini. Sijawahi kuwaona. Lakini siku hizi nikipika mboga nawaza nitawaelezaje harufu yake, na nikiwaza hivyo siko peke yangu jikoni. Wewe uliita ujinga. "Marafiki hewa," ulisema.

Wewe, dada! Wewe kati ya watu wote!

Umesahau ulipokuwa mwali? Bibi alikufungia chumba cha nyuma, hutoki, hucheki kwa sauti, jua hulioni. Mimi mdogo nilikatazwa kukusogelea. Nikagundua udongo umedondoka na kuacha tundu ukutani upande wa migomba, nikawa nachuchumaa pale kila nikitoka shule, nakusimulia. Nani kachapwa, lori la nani limenasa kwenye tope, mwalimu kaja na soksi mbili tofauti. Uso wako sikuuona. Nilisikia pumzi zako tu, na kicheko ulichokibana kwa kanga. Nikitaka kuondoka unagonga ukuta kwa kidole. "Niambie kingine. Kimoja tu, mdogo wangu, nakufa humu." Siku moja mvua ilinizuia, nilipofika nikakuta unalia. Baadaye, ulipokwisha kutolewa ndani na kuchezewa ngoma, tumelala kitanda kimoja, uliniambia kwamba kufungiwa ulikuwa umezoea. Kilichokuliza ni kwamba siku ile hakuna aliyekuja kukwambia kitu.

Basi hiyo ndiyo simu yangu, dada. Sasa niliye ndani ya ukuta ni mimi. Wewe ni nani uje kuziba tundu?

Na chanzo cha ugomvi tukiseme. Mama alipozidiwa, vijana wa jirani walimbeba kwenye machela mpaka barabarani, njia yote utelezi, wakipokezana mabega. Mimi nilitembea pembeni nimeshika viatu vyake. Kila walipomtua apumzike alifumbua macho. "Mkubwa amefika?" Namwambia, yuko njiani, mama. Hukuwa njiani. Ulituma ujumbe wa sauti kwamba una kikao, utamtuma dereva. Mama alikata roho kabla hatujafika Morogoro mjini. Msibani ukaja na miwani ya jua, na mpiga picha nyuma yako.

Niliandika hayo baada ya arobaini. Jina lako sikulitaja, niliweka "binti yake mkubwa" tu. Na nani aliyeisambaza habari hiyo? Wewe! Uliisambaza bila kuisoma, ukapachika mikono ya kusali na mioyo, ukaandika, "Mdogo wangu huyo jamani, kipaji! Msomeni mumjue mama yetu." Wakasoma. Wenzako wa kwaya huko Dar wao husoma mpaka mwisho. Wakakuuliza, "Kumbe huyu binti mkubwa si ndiye wewe?" Ndipo ukakumbuka kwamba una mjomba huku milimani.

Kwetu Waluguru mjomba akiita, unakwenda. Nikaenda. Simu yenye sauti yako ikawekwa juu ya kigoda, ukawa unafoka humo kama redio.

"Mjomba, anatuvua nguo mbele ya watu asiowajua! Afute ukurasa wote!"

Mjomba akajikuna kidevu. "Mnanifanya hakimu wa simu, mimi hata kuiwasha sijui. Hao watu ni kina nani?"

"Ni wasomaji, mjomba," nikasema.

Mama mdogo akadakia, "Wanakuletea chumvi?"

"Chumvi hawaleti, mama mdogo. Wananiuliza kama nimeamka salama."

 Kwenye simu yako tukasikia honi za Dar. Kisha ukatoa lako. Shamba mama katuachia sisi wawili, la juu lenye mdomo wa mfereji ni lako, la chini langu. "Achague. Asipofuta, la juu nampa mtu wa kabichi kutoka mjini, na maji ayazuie. Tuone hao marafiki zake kama watakuja kummwagilia." Halafu ukakata simu.

Ulijua pa kupiga. Bila mfereji huo njegere zangu kiangazi hazivuki, nami sina kazi nyingine. Nimelia, sikufichi. Nimesali rozari nzima nikitafuta namna ya kukutii. Nilifika hadi kuweka kidole pale pa kufuta. Nikawaza kesho mchana nimemaliza kupalilia, nimeketi kwenye ngazi za kigango, na hakuna wa kumwambia lolote. Nikaondoa kidole. Bora likauke shamba kuliko kukauka mimi.

Kwa hiyo jibu ni hili: sifuti. Ukurasa sifuti, habari ya mama sifuti. Kama nimeandika uongo, nionyeshe neno lenyewe, nitalitoa na kukuomba radhi mbele ya watu hawahawa. Lakini tangu tuanze kugombana hujasema hata mara moja kwamba ni uongo. Unasema ni aibu.

Na huyo mtu wa kabichi, mlete. Ila kuna jambo mjomba alilisema ukiwa umeshakata simu, nami nakufikishia kama alivyolisema. Shamba la ukoo haliingii mikononi mwa mgeni mpaka mwenye shamba asimame juu yake mwenyewe, atembee mpaka wake kwa miguu, na mgeni akimfuata nyuma. Dereva hatembei kwa niaba yako. Picha nazo hazitembei.

Vaa viatu vya maana, kwa sababu gari litaishia barabarani. Kutoka pale utapanda njia ileile tuliyomshusha mama, hakuna nyingine. Mahali pote alipotuliwa napajua, na waliombeba wapo, watakuonyesha ukiwauliza. Ukichoka, kaa hapohapo upumzike. Mimi nitakuwa juu shambani nikikungoja, na Mungu akufikishe salama.

Mdogo wako wa tumbo moja