Miche Mia Mbili ya Ruiri

Jumapili, 7 Aprili 2024

Majimbo, Embu. Kanisani tumegawiwa kadi. Kila mtu aandike karama aliyopewa na Mungu, atie kikapuni. Yangu niliitia tupu. Nina miaka sabini na sita — niacheni nikae! Mchungaji Muchangi akasoma: kuimba, kupika, kuombea wagonjwa. Halafu: "Mzee Gitobu — kupandikiza avokado." Mtu amenijazia! Ni binti yangu Nelius. Makofi. Kumbe kanisa la Ruiri lina miche mia mbili ya wajane, inangoja fundi. Mchungaji anatabasamu, ati nitakuwa nimerudi nyumbani. Nyumbani! Miaka thelathini na mitano sijakanyaga huko.

Jumatano, 10 Aprili

Nimemnunia Nelius siku tatu. Anasema kipawa si changu, ni cha watu. Nikamwuliza: na shamba nililonyang'anywa Ruiri lilikuwa la nani? Amezaliwa hapa. Ruiri kwake ni neno kwenye kitambulisho changu.

Jumanne, 16 Aprili

Ruiri. Wamenipeleka kwenye kitalu cha kanisa. Nikaona jiwe lililonivunjia majembe mawili. Ni shamba langu! Enzi zile, mzee mmoja wa hapa, Bundi, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kupima mashamba. Alifuta jina langu, akaandika lake. Sasa amelitoa kwa kanisa. Kibao kimesimama: "Zawadi ya Mzee Bundi kwa Bwana." Wajane wakamwimbia. Akaja na mkongojo, anacheka.

"Gitobu! Uko hai? Tulidhani Embu walishakuzika."

"Bado. Nilitaka wewe utangulie."

Kicheko kikakatika.

Jumatano, 17 Aprili

Asubuhi nimekata vijiti vya kupandikiza, vya kuunganishwa juu ya miche, mafungu mawili. La kwanza, mti wa Hass, avokado bora ya sokoni, wa mwalimu mmoja jirani. La pili, mti wa mwitu nyuma ya choo cha kanisa — tunda nyuzi tupu, mbegu kama ngumi. Majani yakishaondolewa, nani atatofautisha? Vyote vitashika, vitastawi. Aibu itaonekana mwaka wa nne, tunda la kwanza likipasuliwa. Mimi sitakuwepo. Kibao cha Bundi kitakuwepo.

Humu daftarini sina wa kumdanganya: fungu la pili nililikata nikipiga mluzi.

Saa saba mchana, mapumziko. Tangu asubuhi, anayenifungia utepe wa kushikilia kijiti ni Kaari, mjane wa makamo. Miche ishirini ina jina lake, kwa rangi nyeupe kwenye mifuko. Bundi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, akitusimamia. "Harakisha, Gitobu! Kazi ya Mungu haina chai ya saa nne!"

Kaari akaniinamia. "Usimjibu, baba. Tunajua hapa palikuwa kwa nani."

"Na jana mkamwimbia?"

"Tusingeimba, miche tungeipata wapi?"

Ishirini yake nimeipandikiza kwa Hass, kila kijiti unene sawa na shina lake, kama nilivyofundishwa. Wajane wengine pia. Mkono ulikataa fungu la pili, sikuulazimisha.

Kisha tukafika mstari wa nyuma. Mifuko thelathini. Jina: Bundi. Amejiandikisha katika miche ya wajane!

Naandika nikiwa nimekaa juu ya ndoo. Kaari amesharudi kitaluni. Ameweka utepe tayari. Fungu la Hass amelifunika kwa gunia. Lile la mwitu amelisogeza kando ya kisu changu — na sikumwambia nililitoa mti gani.

Ananiita.