Wasikusakafie Kwanza

Mama,

Shikamoo. Ni mimi Neema, mwanao wa mwisho, nakuandikia kutoka huku India ninakosoma. Hasira hazijaniisha, kwa hiyo nivumilie.

Ulipozikwa pale mgombani kwetu kijijini Akheri nilikuwa katikati ya mitihani. Watoto wako wote walikutupia udongo isipokuwa mimi. Kaka Elia akaniahidi kwenye simu kwamba kaburi halitasakafiwa mpaka nije nitupie wangu. Nikashikilia hapo. Ndicho kilichonifanya niweze hata kula.

Jana chuo kilitupeleka kuona magofu ya hekalu la kale. Nguzo zimelala chini, majani yameota mpaka madhabahuni. Ungeyaona ungeuliza kama watu wa huku hawafugi mbuzi.

Hapo hapo Elia akapiga. Fundi amefika, simenti imeshushwa, mvua zikianza kaburi litatitia. Nikamwomba asubiri. Akanijibu, "Wewe unatembelea magofu, sisi ndio tunaoishi na kaburi." Akakata.

Mama, nilichanganyikiwa. Niliinama nikajaza udongo mkononi, nikakuita, nikataka kuutupa pale pale, kwenye hekalu la watu! Mlinzi akapuliza filimbi, akaja mbio. Alidhani naiba vitu vya kale. Akanifungua vidole kimoja kimoja mbele ya wenzangu, hakukuta kitu ila udongo. Niliona aibu, nikajua kwamba ule haukuwa udongo wako.

Nikampigia Mama Mdogo. Unamjua mdogo wako. Alibeba kigoda akaketi kando ya kaburi, miguu juu ya udongo, akamwambia fundi, "Haya, nisakafie na mimi humu humu." Fundi akaosha mwiko wake akaondoka. Elia amerudi kwake Olasiti bila kuaga, na simu zangu hapokei. Simlaumu kwa kuogopa mvua. Lakini fundi anaweza kurudi wakati wowote, na Mama Mdogo hawezi kushinda pale kila siku. Kila simu ikilia, nadhani fundi amerudi.

Muhula ukiisha nakuja. Sipiti kwa mtu mjini, sipumziki. Nitakuja na begi langu hadi mgombani, nikutupie udongo kwa mkono wangu, ndipo Elia aweke marumaru anayoitaka.

Kwaheri kwa sasa, Mama. Wao wamekuzika. Mimi bado.

Neema