Siogopi Maji

Kasulu, Jumapili usiku

Eti Muha wa milimani naogopa maji! Bado nina hasira.

Tulikuwa tumeshakaa kwenye boti ya matembezi kule ziwani. Shemeji, mwenye boti aliyetualika, akaanza kumimina petroli kwenye tangi humo humo, sigara mdomoni, na turubai amelifunga pande zote kama anafunika maharage yasilowe. Harufu ilitukaba. Nikawashusha wanangu.

"Shemeji, maji haya hayang'ati," akasema. Wote wakacheka.

"Siogopi maji, naogopa petroli. Zima sigara, tangi ulijazie nchi kavu, turubai ulifunue harufu iishe, ndipo uwashe injini."

Alinuna, lakini alifanya.

Nina wasiwasi hatatualika tena. Basi, asitualike. Wanangu wamelala hapa, wananuka samaki, hawanuki moshi.